Mtaa Wenye Jina la Jua

Waliouita mtaa huu kwa jina la jua
sijui walikuwa wanatania.
Julai hapa, magharibi ya Melbourne,
upepo hutoka kwenye barafu ya kusini
ukapita chini ya mlango bila kubisha hodi.

Nilinunua kwa sababu ya bei. Kweli haifichiki.
Nyumba ya mbao, mfereji wa paa umeoza,
vigae vya jikoni rangi ya maini,
na dalali, kijana wa viatu vya kung'aa,
kila dakika akichungulia gari lake dirishani.

"Huko?" akauliza Gareth kazini,
kijiko kikasimama katikati ya kikombe.
"Mungu akulinde."
Hajawahi kufika. Anatujua kwa taarifa ya habari ya jioni:
utepe wa polisi, taa za buluu,
na mara moja, nyuma ya mtangazaji, moshi mzito,
nao ulikuwa moshi wa Trajko
akichoma pilipili hoho gerejini,
magunia manne, kama kila Machi,
na shemeji zake wanne wakimenya maganda na kubishana.

Mwezi wangu wa kwanza, Jumanne.
Nimetoka zamu ya usiku ng'ambo ya mto,
ambako nawaogesha wazee wa mitaa yenye majina mazuri.
Nikafua. Nikaanika sare tatu
na shuka la maua alilonifungia mama siku naondoka Iloilo.
Nikalala.

Saa tisa alasiri: kamba tupu.
Hata vibanio hamna.

Nilijua, nikasema, na hakukuwa na mtu wa kunisikia.
Nikapiga simu polisi. Nikasema "watu wa huku"
kwa sauti ambayo haikuwa yangu,
sauti yenye kijiko kilichosimama.

Saa kumi na moja, hodi.
Bibi Nhan wa nyumba ya pili, kimo cha mtoto,
kapu limemfika kidevuni.
Sare zimekunjwa kama barua.
Shuka limepigwa pasi.
Kifungo kilichokuwa kimekatika tangu Aprili
kimeshonwa kwa uzi mwekundu, mwingine hakuwa nao.
Hatukuwa na lugha hata moja kati yetu.
Akanyoosha kidole juu, akachezesha vidole vyote kushuka:
mvua. Ilinyesha nimelala.

Na nyuma yake, getini, askari na daftari.

"Umeibiwa nini?"
Bibi Nhan akanitazama, akamtazama askari,
akalitazama kapu.
Nadhani alielewa. Sijawahi kumuuliza,
na sasa tunazo lugha mbili na nusu za kuulizana.
"Hakuna," nikasema.
Askari akaandika hata hivyo, maana amefika,
na aliyefika lazima aandike kitu.

Lisemwalo lipo, husema watu.
Lipo, ndiyo. Nimeliweka mimi.
Ndani ya hesabu za mwaka ule,
kwenye ile chati nyekundu waliyoionyesha jioni,
kuna kipande chembamba, unene wa uzi:
wizi, Jumanne, nguo,
na mshukiwa ni bibi aliyepiga pasi shuka la mama yangu.

Miaka kumi na mmoja.
Mfereji nimebadilisha. Vigae nimevizoea.
Juzi Gareth kaja na kiti chake karibu na changu:
mwanawe anaoa, huko kwao hapashikiki,
eti nasikia kwenu siku hizi kumetulia?

Nikaziona bei zikipanda kama maji kwenye ngazi.
Nikamwona Trajko akiandikiwa faini ya moshi.
Nikakoroga chai yangu taratibu.

"Huko?" nikamwambia. "Mungu amlinde."

Kisha nikatazama dirishani, wingu limeshika magharibi,
nikampigia simu mtoto wa Trajko
akaanue nguo za Bibi Nhan,
leo yuko kliniki, kwa ajili ya macho.